Gunia la Mihogo Juu ya Chemchemi

Saa kumi na mbili asubuhi Generosa alikuwa ameshafagia uwanja na kuwasha moto, na sasa amesimama nyuma ya nyumba anaihutubia migomba.

"Mheshimiwa Spika! Wananchi wa kitongoji chetu ni wabishi! Wanaloweka mihogo juu ya chemchemi, maji yanaharibika, watoto wanaumwa matumbo! Naomba sheria iwabane!"

"Na mbuzi je, Mheshimiwa?" mdogo wake Kipriani akauliza kutoka bandani. "Wasubiri mpaka Bunge limalize?"

"Kipriani, niache!"

Jamani, wiki ile katika nyumba ile hapakukalika. Generosa, mtoto wa darasa la sita wa huku Busunzu, alikuwa amechaguliwa kwenda Kasulu kwenye Bunge la Vijana. Wiki nzima, kula huko, kulala huko bwenini, pamoja na watoto wa Kitanga, wa Munanila, na wa kwingine kwingi. Kila mtoto aende na hoja yake moja, yaani shida ya kwao, aisimamie mbele ya wenzake. Tena kulikuwa na fomu. Mwalimu alishasaini, bibi alishaweka dole gumba, ulibaki muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji. Bila muhuri, hakuna safari. Gari lilikuwa linaondoka Jumatatu, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Generosa!" Bibi Yusta aliita kutoka jikoni. "Hii mihogo nimeimenya tangu jana. Ipeleke bondeni kwenye dimbwi ukailoweke."

Generosa alishusha pumzi. Bibi naye! Soksi hazijafuliwa, shati halina kifungo, blanketi la kubeba halijapatikana, hotuba yenyewe anaisahau katikati, halafu mihogo! Kiongozi gani huyo anatembea na gunia kichwani?

"Bibi, mtume Kipriani."

"Kipriani anachunga. Nimekutuma wewe. Au huko Kasulu mtakula hotuba?"

Akabeba, huku ananung'unika njia nzima.

Sasa, mtoto yeyote wa kule anajua dimbwi la mihogo lilipo. Liko chini kabisa, ukiipita chemchemi na kushuka mteremko unaoteleza kama sabuni. Wazee walilichimba huko makusudi, ili maji ya mihogo, yale yenye povu na harufu, yaende zake mtoni bila kugusa ya kunywa. Generosa alilijua hilo kuliko wote, maana ndiyo ilikuwa hoja yake.

Lakini alipofika chemchemi aliuangalia mteremko, akaliangalia na jua. Mwalimu alikuwa anamsubiri kwa mazoezi. Juu kidogo ya chemchemi palikuwa na kishimo kimejaa maji, tena kina kivuli.

"Siku moja tu," akajiambia. "Kesho nitalihamisha."

Akalitumbukiza gunia, akaweka jiwe juu, akakimbia. Kesho yake ilikuwa ya kufua sare na kushona kifungo. Gunia likasahaulika.

Jumamosi asubuhi alishika fomu yake, akaenda kumtafuta mwenyekiti, Mzee Tharsisi. Alimkuta chemchemi, katikati ya watu wanaopiga kelele.

"Mwakeye, mzee," Generosa akasalimia.

Sauti yake ikapotelea kwenye kelele. Mama Kuruthumu, mwenye duka la pale barabarani, alikuwa amesimama na ndoo tupu mikono kiunoni.

"Nimekuja tangu Adhana ya alfajiri," alisema. "Maji yananuka! Angalia povu hilo! Nikawapikie wanangu chai kwa hayo?"

Mzee Tharsisi alikuwa ameshalivuta lile gunia kwa fimbo. "Nani? Nauliza kwa mara ya mwisho. Nani?"

"Unauliza nini, mwenyekiti? Si Longinus!" watu wakasema. "Mwaka jana si tulimkamata yeye?"

Mzee Longinus, anayeishi peke yake na mguu mmoja mbovu, alikuwa ameegemea fimbo yake. "Mwaka jana nilikuwa mimi, nikakubali," alisema taratibu. "Hili la leo si langu."

"Aa, mzee, usituchoshe!"

"Basi imetosha," Mzee Tharsisi akasema. "Longinus, kuanzia leo mwezi mzima huteki hapa. Utateka mtoni."

Mtoni! Kwa mguu ule! Longinus aliinamisha kichwa tu.

Ndipo mwenyekiti akamwona Generosa. Uso ukamlegea kidogo. "Afadhali umekuja wewe. Hiyo ndiyo fomu? Nitaigonga muhuri leo leo. Lakini kwanza hebu wasomee hawa hoja yako, labda watasikia kwa mtoto."

Watu wakamgeukia. Generosa alifungua mdomo. *Wananchi wa kitongoji chetu ni wabishi.* Maneno yalikuwepo, hata moja hakulisahau, ila hayakutoka. Aliitazama fomu. Alimtazama Mzee Longinus. Akikaa kimya, Jumatatu yuko kwenye gari. Akisema, basi.

"Gunia ni la kwetu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Ni la kwetu. Nimeloweka mimi. Bibi alinituma bondeni, mimi nikaona uvivu."

"Yaani wewe!" Mama Kuruthumu alipiga makofi. "Mheshimiwa mwenyewe!"

Mwenyekiti hakucheka. Alimtaka Longinus radhi mbele ya wote, akaichukua ile fomu, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Kwanza gunia," alisema.

Mihogo iliyolowa ni mizito, asikudanganye mtu. Akilipeleka dimbwini, Generosa aliteleza mara mbili kwenye mteremko ule, mara ya pili akakaa kabisa kwenye tope. Akapanda tena, akaanza kukomba maji machafu ya chemchemi kwa ndoo na kusugua mawe, mpaka mchana. Bibi Yusta alikuja kumsaidia, mkono unasugua, mdomo unagomba. Mzee Longinus naye alikaa juu ya jiwe, akiwaonyesha tope lilipojificha.

"Babu," Generosa akamuuliza, "mwaka jana kwa nini uliloweka huku juu?"

Mzee aliugonga mguu wake mbovu kwa fimbo. "Mwaka jana waligomba wote, hakuna aliyeuliza. Mguu huu, mjukuu wangu, kushuka unashuka. Kupanda ndiyo kazi. Na siko peke yangu, wako wajawazito, wako wazee wenzangu."

Generosa aliutazama ule mteremko. Yeye mwenyewe alikuwa ameupanda kwa shida, na miguu yake ni mizima.

Jumapili baada ya kanisa alimfuata Mzee Tharsisi nyumbani kwake na karatasi mpya. Hoja ya kubana wananchi haikuwepo tena. Aliandika hivi: tuchimbe dimbwi la pili upande wa pili wa kilima, karibu na nyumba, maji yake yatiririke mbali na chemchemi, na kila kaya itoe siku moja ya kazi. Chini kabisa akaandika kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuyachafua maji hayo.

Mwenyekiti alisoma polepole, kidole kinafuata mistari.

"Mtoto wewe umenichosha," alisema. "Lakini nisikilize. Anayeficha kosa lake lazima atafute mwingine wa kumbebesha, na shida inabaki palepale, kwa sababu hakuna anayejua imeanzia wapi. Wewe ulisema kweli, ukasafisha, ukauliza. Ndiyo maana leo umeniletea dawa. Hoja ile uliyoiandika kwenye fomu ilikuwa matusi tu. Ukikosa, sema. Ukishasema, tengeneza. Baada ya hapo, simama uongee, watu watakusikiliza."

Akaitoa ile fomu mfukoni, akainyoosha juu ya meza, akaupuliza muhuri na kuugonga mpaka meza ikatikisika.