Mabosi Watano wa Mashine ya Mpunga

Herman alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga pale Nyahanga, mjini Kahama. Kila siku aliitazama saa, akingoja muda wa kwenda nyumbani. Mchele ukitoka chenga tupu, punje zimevunjikavunjika, alisema, "Mali si yangu." Wenzake wanne walisema hivyohivyo.

Mwaka huu mwenye mashine, Mzee Mwigulu, alitaka kupumzika. Aliwauzia wafanyakazi wake watano mashine hiyo kwa hisa. Ili kupata hisa, Herman aliuza ng'ombe wao wa maziwa. Mkewe, Salvina, alilia kidogo, kisha akakubali.

Siku ya kwanza ya umiliki ilikuwa kichekesho! Wote watano walikuja na nguo za kanisani. Herman alivaa koti. Wakakaa kwenye benchi. Bosi gani anabeba gunia?

Mkulima mmoja, Mama Nyamizi, alileta mpunga kutoka Bukombe. "Nani anapakua?" aliuliza. Wakatazamana. Mama wa watu akaondoka na magunia yake.

Siku tatu zikapita bila kazi. Salvina akawaka. "Baba Rosemary, ng'ombe wangu ameondoka ili wewe ukae na koti?" Akamwita jirani yao Agatha, afisa ushirika.

Agatha alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, hisa haikuondolei kazi. Inakupa sauti kwenye mkutano, na sehemu ya faida. Chagueni msimamizi, mumtii."

"Nimtii vipi, na mimi ni mwenye mali?"

"Kwa sababu umemchagua mwenyewe. Akikosea, semeni kwenye mkutano. Haya, mchele ukitoka chenga leo, hasara ni ya nani?"

Herman alikuna kichwa. "Yangu," alisema.

Kesho yake walifanya mkutano. Wakamchagua mmoja wao, Limi, aliyekuwa mpepetaji. Limi alisema, "Chenga zinatokana na mpunga mbichi. Tuume punje kwanza. Ikiwa laini, mpunga urudi juani."

"Kumbe ulijua! Mbona hukusema miaka yote?" aliuliza Herman.

"Nani aliniuliza?"

Wote wakacheka. Wakavua viatu vya ngozi, wakaanza kazi.

Wiki iliyofuata waliomba radhi kwa Mama Nyamizi, naye akarudi. Herman aliuma punje moja. "Shikamoo, mama. Mpunga bado mbichi. Tutakuanikia." Hakuna aliyemtuma. Wakatandaza maturubai, wakaugeuza mpunga kutwa nzima. Herman akasahau kabisa kuangalia saa. Alikuwa akiimba!

Kesho yake ulitoka mchele mzima, mweupe, mrefu. Mama Nyamizi aliuchota kwa viganja viwili.

"Wabeja! Asanteni sana! Jumamosi nakuja na majirani zangu wote. Lakini kwanza niitieni bosi, nimshukuru."

Watu watano, wamejaa vumbi la pumba mpaka kwenye nyusi, wakaitika kwa pamoja:

"Nipo hapa!"