Jina Jekundu la Chizuru

Saa nne asubuhi, tarehe 13 Agosti, rangi nyekundu kwenye kaburi la ukoo wa Kuzumi, Osaka, ilikuwa bado mbichi. Chizuru aliigusa, ikamganda kidoleni. Makaburi yalifurika watu waliokuja kuosha mawe kwa sikukuu ya wafu. Mumewe, Yasutaka, alikuwa na mwaka wa nne humo, jina lake likiwa limechongwa kwa herufi nzito zilizotoka China. Ubavuni, herufi tatu laini za Kijapani: jina la Chizuru, katika wekundu wa mke aliye hai anayesubiriwa humo.

"Usijifutie kwenye gauni, dada. Hiyo haitoki," alisema mwanamume mwenye kitambaa kichwani, akampa tambara lenye mafuta ya taa. Alikuwa Tetsuhiko, mchonga mawe.

Kufikia Aprili walikuwa wakila tambi pamoja kila Ijumaa. Tetsuhiko alimchorea aina za herufi kwenye kioo chenye mvuke: herufi laini ni zile nzito zilizoandikwa haraka hadi mifupa ikayeyuka, herufi kavu ni vipande vilivyomegwa humo humo.

"Herufi ya mwisho ya jina lako, hii laini, imetoka kwenye 'kubaki'. Kavu ya sauti hiyo hiyo imetoka kwenye 'kutiririka'."

"Basi niandike kwa kavu, mpenzi."

"Mbona ndivyo ninavyokuandika."

Julai Chizuru aliona wapi. Katika daftari la kazi la Tetsuhiko, kwa herufi kavu: Chizuru, rangi nyekundu, 12 Agosti, agizo la mama Kuzumi, mamake Yasutaka. Mara nne, moja kila mwaka, zote zimewekewa alama ya vyema. Ya tano, ya mwaka huu, ilikuwa imeshaandikwa.

"Unanibusu Ijumaa, kisha unanirudisha kaburini?"

"Nikikataa, mama atampa fundi mwingine. Ni kazi, Chizuru."

"Basi kaifanye."

Hakupokea simu zake kumi na saba. Kila asubuhi alinawa kidole kilekile. Hakikuwa na rangi.

Tarehe 12 Agosti, saa saba mchana, alipokea ya kumi na nane.

"Nipo mbele ya jiwe na mkweo. Sijapaka. Nimemwambia habari zetu."

"Amesemaje?"

Simu ikabadilisha mkono. "Nilichelea Yasutaka atalala peke yake, mwanangu," alisema mama Kuzumi. "Njoo uone jina lako linavyozibwa."

Alimkuta Tetsuhiko akipitisha msasa juu ya unga wa jiwe uliochanganywa na gundi. Ubavu wa jiwe ulikuwa mtupu. Mama aliinama kuaga, akaondoka na ndoo yake.

Saa tisa kasorobo mvua ilinyesha. Jiwe likalowa, na herufi tatu zikatokea tena, nyeusi kuliko jiwe. Tetsuhiko alinyoosha kiganja kuzifunika.

"Ziache," alisema Chizuru. "Nioe zikiwa hapo hapo."

Aliitikia kwa kichwa. Mvua ilikatika saa kumi na moja. Herufi zilisomeka muda wote.