Hanitazami Usoni

"Simama! Verlon, simama! Nimesema simamaaa!"

Kraaah!

Nguzo ya umeme ya kiwanja chetu ikainama kama mlevi. Ndani ya gari letu, ambalo ndilo nyumba yetu, nikasikia vyombo vikimwagika kutoka kabatini, na najua kikombe changu cha bluu kilikuwa humo. Mume wangu akazima injini, akashuka, uso umemwiva.

"Glenda! Wewe mwanamke wa namna gani? Umenielekeza nikagonge nguzo!"

"Nimekuelekeza? Nimepiga kelele mpaka koo limekauka!"

"Umesema njoo."

"Nimesema simama! Na mikono nimeinua yote miwili!"

"Mikono yako hiyo? Unapunga kama mtu anayefukuza nzi. Nani atakuelewa?"

Majirani walikuwa wameshakaa. Kambini kwetu, hapa kusini mwa Arizona, nyumba ya magurudumu ikirudi kiwanjani watu hutoa viti vya kukunja, wakamimina kahawa, wakatazama. Mume yuko kwenye usukani, mke yuko nyuma anaelekeza, na ndoa yenu yote inaanikwa hadharani kabla injini haijazimwa. Na hakuna kukwepa, maana viwanja vyetu havina bomba la maji machafu. Tanki la choo likijaa, unafunga kila kitu, unaendesha mpaka getini kumwaga, halafu unarudi kinyumenyume mbele ya viti vilevile.

Otis, mzee wa kiwanja cha ng'ambo, akapiga makofi.

"Verlon, mwezi uliopita ulipitia jiko langu la kuchomea nyama. Leo nguzo. Safari ijayo nimhamishe mke wangu kabisa?"

"Mwulize huyu," mume wangu akaninyooshea kidole. "Mimi naenda ninakoelekezwa."

Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Sikiliza, Verlon," nikamwambia, mbele yao wote. "Gonga kitu kingine halafu unisingizie. Siku hiyohiyo napanda basi naenda Ohio kwa dada yangu Nadine. Utabaki hapa ujielekeze mwenyewe."

Hata usoni hakunitazama. Ndivyo alivyokuwa siku hizo: ukizungumza naye anatazama pembeni ya kichwa chako, kama mtoto aliyeiba sukari.

Kugombana ndani ya nyumba ya magurudumu ni adhabu. Kwenye nyumba ya matofali mmoja atakwenda sebuleni, mwingine chumbani, hasira zipoe. Sisi sebule ndiyo jikoni, jikoni ndiyo njia ya kwenda kitandani. Verlon akipita kwenda chooni lazima nimpishe kwa tumbo, na siku ya ugomvi tulipishana hivyohivyo bila kusemezana, tumbo kwa tumbo. Akinuna sana alikizungusha kiti cha dereva kikatazama kioo cha mbele, akakaa pale kama yuko safarini, na gari limeegeshwa.

Wazo la kuhamia humu lilikuwa lake. Aliiuza nyumba yetu ya Ohio mimi nikilia, nikagawa makochi, nikagawa hata sahani za harusi. Kumbe nikaja kunogewa mimi kuliko yeye. Majira ya joto tuko milimani, baridi ikianza tunateremka jangwani, na asubuhi nafungua mlango naona mawe mekundu ambayo sikuyaona mwezi uliopita. Nilishayapenda maisha hayo kweli. Ila kudhalilishwa kila tanki likijaa sikukupenda hata kidogo.

"Basi nipe usukani mimi, wewe uelekeze," nilimwambia jioni moja wiki iliyofuata, nguzo ikiwa imeshabadilishwa.

"Usukani wa gari hili si wa kuchezea. Utatuua."

"Na wewe unatupeleka wapi? Harusini?"

"Glenda, nimechoka na mdomo wako."

"Nitazame basi ukiwa unasema!"

Akageukia dirishani. Akachukua taulo, akaenda kuoga.

Maji ya kuoga kwetu ni ya kuhesabu matone, kwa hiyo nilijua hatachelewa. Simu yake ikalia mezani. Sikuigusa, naapa. Alikuwa amezikuza herufi zake zikawa kubwa kama tangazo la duka, akadai amebonyeza vibaya hajui kuzirudisha. Kutoka kwenye jiko nilipokuwa nakoroga maharage nikasoma kila neno:

*"Kesho saa tatu, Glenda akienda kufua. Nitakungoja getini. Asijue. Corinne."*

Mwiko ukanidondoka.

Corinne ni mjane wa kiwanja cha mwisho. Anaishi peke yake na mbwa wake, anaendesha nyumba yake mwenyewe tangu mumewe afariki, na kila wiki huniletea mkate wa mahindi. Mkate wa mahindi! Nikajiambia, Glenda, ulikuwa unalishwa usione.

Asubuhi nikabeba kapu la nguo, nikaaga kama kawaida. Nikazitupa kwenye mashine, nikajibanza nyuma ya jengo la kufulia. Saa tatu kamili mume wangu akafika getini, amevaa shati lake zuri, lile la miraba. Corinne akamfungulia mlango wa kigari chake. Akamshika mkono! Akamsaidia kupanda kama bibi harusi.

Nilingoja nguo zikauke, roho ikiwa juu. Halafu nikampigia.

"Uko wapi?"

"Niko mjini kwa fundi. Natafuta pampu ya maji."

"Pampu gani? Yetu imeharibika lini?"

"Ina... ina mlio."

Nyuma ya sauti yake nikasikia tarumbeta, magitaa na mtu akiimba Kihispania kwa nguvu zote. Muziki huo naujua. Unapigwa ng'ambo ya mpaka, Algodones, upande wa Mexico, kwenye zile meza ambako sisi watu wa kambi huvuka kwenda kula taco, vile vimkate vilivyokunjiwa kamba wa baharini. Mara ya mwisho tulikaa pale mimi na yeye, siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu.

"Fundi wako anafuga bendi, Verlon?"

"Eh? Hiyo ni redio. Mtandao mbovu, nakata."

Akakata. Nikakunja nguo zake zote vizuri, sijui kwa nini. Kisha nikatoa begi langu chini ya kitanda.

Waliporudi sikumwendea yeye. Nilikwenda kwa Corinne, nikagonga mlango kwa ngumi, mbwa akabweka.

"Wako alikufa, Corinne, nikalia na wewe. Wangu hajafa!"

"Glenda, ingia ukae."

"Sikai! Umemlisha mkate gani mume wangu, wa mahindi au wa asali?"

"Hee! Yule mzee wako anayekoroma mpaka mbwa wangu anaamka? Mtunze mwenyewe, mama. Mimi sina shida hiyo."

"Mlikwenda Algodones!"

"Tulikwenda."

"Kufanya nini?"

Akamkamata mbwa ukosi, akamfungia ndani, akatoka tukabaki wawili.

"Nimempa ahadi, na siri si yangu. Nimemwambia akueleze, nimemwambia mpaka nimechoka naye. Leo njia nzima nimemtukana. Lakini nikuulize kitu kimoja. Lini mara ya mwisho Verlon alikuita jina kwa mbali, kabla wewe hujasema neno?"

Nikahesabu siku kurudi nyuma, sikuikumbuka hata moja.

"Kesho mnakwenda kumwaga tanki, si ndiyo?" akaendelea. "Wakati wa kurudi, usisimame pale anapodhani umesimama. Basi. Zaidi ya hapo sisemi."

Nilirudi nikikanyaga mawe bila kuyaona. Nikamtazama mume wangu akijimiminia kahawa, kidole amekichovya ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Nikakumbuka anavyoamkia watu wakishasema wao kwanza. Lakini hasira ilikuwa bado inanichemka, na shati la miraba lilikuwa bado mwilini mwake. Sikumwuliza kitu.

Siku iliyofuata tulimwaga tanki bila kusemezana. Tukarudi. Viti vilikuwa vimeshapangwa, na Corinne alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Nikashuka na simu, nikampigia Verlon asije akasingizia tena kwamba hakunisikia vizuri, yake akaiweka kwenye spika pale mbele ya usukani.

"Uko kona ileile?" akauliza. "Usinifanyie ujinga wako leo."

"Niko."

Sikuwa kona ileile. Nilipita mbele ya gari, nikavuka njia, nikaketi kwenye kiti cha mke wa Otis kilichokuwa wazi, nikakishika kikombe chake cha kahawa. Nyuma ya nyumba yetu hakukuwa na mtu yeyote.

"Unaniona kwenye kioo?"

"Nakuona."

Otis akanigeukia, macho yamemtoka. Nikamwekea kidole mdomoni.

"Unaniona vizuri?"

"Nakuona, Glenda! Elekeza, watu wanatazama!"

"Nimeinua mkono gani?"

"Wa kulia. Acha mchezo!"

Gari likaanza kurudi. Taratibu, halafu kwa kasi, likielekea kwenye nguzo mpya.

"Verlon, simama. Zima."

"Kwa nini? Niko sawa, nakuo—"

"Zima gari! Mimi nimekaa mbele yako kwa Otis. Nimeshika kikombe kwa mikono yote miwili."

Injini ikazimika. Hakuna aliyecheka. Otis akakitoa kile kikombe mikononi mwangu polepole, maana kahawa ilikuwa inanimwagikia.

Nikafungua mlango wa dereva. Verlon alikuwa bado ameushika usukani.

"Tangu lini?"

"Glenda..."

"Tangu lini, nakuuliza!"

"Tangu mwaka jana, kule milimani. Doa katikati. Nilidhani miwani imechafuka. Daktari wa Algodones, anakonipeleka Corinne, amesema macho hayatapona. Doa litazidi. Ameniambia niache kuendesha."

"Amekuambia lini?"

"Mara ya kwanza? Kabla ya Krismasi."

"Kabla ya Krismasi! Na umeendelea kutuendesha, mimi nikiwa nyuma ya magurudumu haya! Ungenikanyaga, Verlon! Ungenikanyaga halafu ungewaambia hawa nilijielekeza vibaya!"

"Usiseme hivyo."

"Umenifanya punguani mbele ya kambi nzima. Nilifika mahali nikajisadiki. Nilikuwa nasimama chooni mbele ya kioo najifundisha kupunga mikono, mimi mtu mzima!"

Nililia, sifichi. Kulia kwa hasira kunachoma kuliko kulia kwa msiba.

"Niliogopa," akasema. "Ulisema nikigonga tena unakwenda kwa Nadine. Nikajua nikikiri tu, maisha haya yamekwisha. Utanirudisha Ohio, unipachike kwenye ghorofa, nikae dirishani nisione kitu. Nilijua unayapenda maisha haya. Sikutaka niwe mimi wa kukunyang'anya."

"Kwa hiyo ukaona heri mke aitwe mjinga kuliko mume aitwe kipofu."

Alitazama pembeni tena, pale karibu na sikio langu, na mimi ndipo nilipopasuka.

"Hata sasa! Hata sasa huwezi kunitazama usoni?"

"Nakutazama," akasema kwa sauti ndogo. "Doa liko katikati, Glenda. Nikikutazama usoni, uso unapotea. Nikitazama pembeni ndipo nakuona. Mwaka mzima nimekuwa nikikutazama."

Magomvi yote yale. Kila nilipomwita mwizi na mwoga kwa sababu ya macho yake, alikuwa ananitafuta.

Lakini sikumkumbatia. Bado.

"Shuka," nikamwambia. "Waambie."

"Nani?"

"Hao wenye viti. Walisikia uliponitukana, nao wasikie na hili."

Akashuka, mkono mmoja kwenye ubavu wa gari. Akasimama mbele ya majirani, akavua kofia.

"Nguzo niligonga mimi," akasema. "Na jiko lako, Otis. Na ngazi yangu mwenyewe kule New Mexico. Glenda alielekeza sawasawa kila mara. Mimi sioni. Nilimsingizia mke wangu kwa sababu sioni."

Otis alikiangalia kikombe chake. "Lile jiko lilikuwa bovu tangu zamani," akasema.

Nikanyoosha kiganja.

"Ufunguo."

Verlon akauweka kiganjani mwangu.

Corinne alinifundisha kwenye uwanja mtupu nyuma ya kambi, kwa matusi mengi na mkate wa mahindi. Niliangusha mapipa yake ya plastiki mpaka mbwa akakataa kutoka nje. Verlon na mimi tuliendelea kugombana wiki ile nzima, tena vikali. Kuna usiku nilimwambia sijui kama nitamsamehe, naye akasema anajua. Begi lilikaa juu ya kitanda, tukalala tukilizunguka.

Kisha tanki likajaa.

Niliendesha mimi mpaka getini na kurudi, mgongo umelowa jasho. Viti vyote vilikuwa nje. Verlon akashuka, akavaa ile fulana ya rangi ya chungwa aliyokuwa akinivalisha mimi, akaenda kusimama kona yangu. Corinne alisimama kona ya pili, nisije nikaua mtu.

"Unaniona?" sauti yake ikatoka kwenye simu.

"Sikuoni. Kwa hiyo nimesimama. Umeona inavyofanywa?"

"Nimeona, mama. Nasogea kushoto."

Akaingia ndani ya kioo changu, mikono juu, anapunga kama mtu anayefukuza nzi.

"Njoo," akasema. "Njoo... njoo... simama!"

Nikasimama. Nyumba ilikuwa imekaa katikati ya kiwanja, nguzo mahali pake. Otis akapiga makofi, safari hii bila kejeli, akaropoka, "Verlon, mkeo huku! Unatazama mawe yale ya nini?"

Kweli, uso wake ulikuwa umegeukia kando, kwenye mawe mekundu. Kambi nzima ilidhani anatazama jangwa.

Nikazima injini, nikaingia chumbani, nikalirudisha begi chini ya kitanda.