Farasi Ana Jina

Yalimpata Eddah, rafiki yangu anayeishi Litein, lakini hasira ni yetu sote. Eddah hutafsiri barua za askari Wajerumani waliopigana Afrika Mashariki katika vita vya kwanza vya dunia. Juzi mchana, ukungu ukiwa umefunika mashamba ya chai, alifikia barua ya askari aliyemwandikia mamake: "Farasi wangu Liesel amekufa, nimelia sana. Mpagazi tuliyemteka amekufa pia."

"Farasi ana jina, mtu hana!" Eddah akafoka. Babu wa babake alichukuliwa na Waingereza abebe mizigo katika vita hivyo. Hakurudi, na kwao Siaya wakazika yago, lile tunda refu na zito la mwegea, badala ya mwili, kama ilivyo mila ya Waluo.

Mara kishindo kikasikika mlangoni, kama mtu ametua mzigo. Eddah akafungua. Hakuona mtu. Kizingitini palikuwa na yago, limejaa udongo, na bado bichi.