Nilitengwa kwa Maneno Ambayo Sikuyaandika

"Esnath, hii ni kazi yako?"

Mzee Abrahamu alininyooshea simu mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

"Ndiyo mzee, hiyo simulizi ni yangu."

"Basi isome. Kwa sauti!"

Nikaanza kusoma. Jamani... mstari wa tatu tu ulimi ukagoma!

Mambo ya kitandani. Mjane wa simulizi yangu na shemasi... siwezi hata kuyarudia hapa.

"Mbona umenyamaza? Ulipoandika hukuona aibu?"

"Mzee, haya siyo maneno yangu!"

"Jina hapo juu ni la nani?"

"Langu, lakini..."

"Mwimbaji wa kwaya!" akafoka.

Mchungaji aliinamisha kichwa. Siku hiyohiyo nikatolewa kwaya, na Meza ya Bwana nikazuiwa.

Nje, Lidia alinikumbatia akalia kuliko mimi. Tunaimba sauti ya pili pamoja tangu utoto.

"Pole dada. Labda Mungu anakuambia uache kuandika."

Niliumia. Lakini nikamshukuru!

Sasa nielewe, msomaji wangu. Mimi ni binti wa kijiji cha Yakobi, hapa Njombe. Asubuhi nalima viazi na mama, jioni naandika. Simulizi yangu ilikuwa ya mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji zake. Ilikuwa inatoka mtandaoni, kwenye peji ya Gideoni, jamaa wa Makambako. Nikimtumia sehemu, yeye anaposti.

Zikishatoka, sirudi kuzisoma. Niliogopa zile komenti za sifa zitanivimbisha kichwa. Unyenyekevu huo ndio ulioniponza!

Na ndoto ninazo, sifichi. Nataka siku moja vitabu vyangu viuzwe stendi ya Makambako, msafiri wa Songea anunue, asome mpaka apitilize kituo. Na nataka kumtazama Mungu bila kuficha uso. Kwani hivyo viwili haviwezi kukaa nyumba moja?

Kesho yake nikapanda kosta mpaka Makambako. Gideoni nilimkuta kibandani kwake, anawarushia watu nyimbo kwenye simu.

"Nani kakutuma uweke uchafu kwenye kazi yangu?"

"Aaah, dada Esnath! Tulia kwanza. Mjane wako anasali mno. Watu wanataka chumvi."

"Kwa jina langu?"

"Jina lako ndilo linaloleta watu!"

"Futa. Sasa hivi!"

"Sifuti. Halafu usinionee, mimi kuandika sijui. Anayeongeza chumvi ni mwenzako, kila sehemu namtumia kwanza. Nilijua mmekubaliana!"

"Mwenzangu nani?"

Akabonyeza simu yake. Ujumbe wa sauti ukaanza...

"Gideoni, sehemu mpya nimeshaichangamsha, iposti. Na wazee wa kanisa nimeshawaonyesha. Watamkataza tu. Akiacha, naendelea mimi, kwa jina langu."

Nikamnyang'anya simu, nikausikiliza tena.

Ilikuwa sauti ya Lidia!

Nilimkuta shambani kwao, anapalilia. Aliponiona uso, jembe likamtoka mkononi. Hakukana.

"Lidia, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa?"

"Nimeandika weee, hakuna anayesoma. Wewe ukigusa tu simu, Njombe nzima inakusoma. Nimemwomba Mungu anipe na mimi... kimya."

"Ndiyo ukanichafua?"

"Nilitaka wayasome maneno yangu. Hata kwa jina lako."

Nilikuwa nimekuja na matusi tayari. Yakanikaukia mdomoni. Ile sala yake naijua, hata mimi nimeisali.

Lakini hasira haikuisha. Nikamwambia, "Twende ukayaseme haya kwa wazee."

Alisema. Yote, mbele ya baraza lilelile, huku analia. Moyoni nikasema leo nasafishwa!

Mzee Abrahamu akakohoa.

"Haya, Esnath. Tunakurudisha kundini. Kwa sharti moja, uachane na hizo hadithi. Zimeleta fitina kanisani."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Mzee, mnanirudisha kutoka wapi? Mimi sikutoka."

"Chagua. Kwaya au hadithi."

Nikamtazama Mchungaji, anitetee hata kwa neno moja. Akawa anapekua kurasa za Biblia kama anatafuta kitu... Hakukipata!

Nikasimama.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Kwaya mlinipa ninyi, mnaweza kuichukua. Kuandika sikupewa na baraza."

Nikatoka. Nilipofika barabarani ndipo nikalia, tena kwa kwikwi. Nilimlaumu hata Mungu. Nikamuuliza, mbona Ulinyamaza mle ndani?

Leo nina peji yangu. Mjane anasali vilevile, na shamba lake analipigania. Wasomaji ni wachache kuliko wa Gideoni. Jumapili nakaa benchi la nyuma, naimba nikiwa palepale.

Na Lidia? Alitubu, akaahidi hataandika tena. Wakampokea kwa vigelegele. Sasa ndiye kiongozi wa sauti ya pili!

Jumapili iliyopita alinifuata mlangoni, akaninong'oneza, "Dada, usiku natamani kuandika mpaka naumwa."

Sikujua nicheke au nilie.

Ndugu yangu unayesoma, atakayekuambia uchague kati ya Mungu na kipaji chako, muulize kwanza kipaji kilitoka kwa nani. Na jina lako usimwachie mtu halafu ukauita huo uzembe unyenyekevu. Lilinde mwenyewe, kisha lipeleke kwenye sala likiwa safi.