Sufuria ya Bi Bun-rye

Asubuhi ile Pyo Gil-su aliamshwa na harufu ya wali, na yeye hapiki. Tangu mkewe amkimbie, na hakuna aliyemlaumu mama wa watu, alikuwa akila tambi za kumwagia maji ya moto. Akaingia jikoni. Sufuria ya umeme ilikuwa inafuka mvuke, na waya wake umeviringishwa pembeni, haujachomekwa popote.

Sufuria yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya marehemu Bi Ok Bun-rye, mpangaji wa fleti namba 302 katika jengo la Pyo hapo Incheon, Korea. Bibi huyo alimkabidhi amana ya woni milioni themanini badala ya kodi ya kila mwezi, jasho la miaka thelathini ya kuparua samaki sokoni, kwa mkataba wa miaka miwili, arudishiwe siku ya kuhama. Muda ulipoisha Pyo akamwambia asubiri mpangaji mpya. Bibi akasubiri na hakuhama, maana anayehama kabla ya kulipwa amejinyang'anya haki. Akafa akisubiri.

Binti yake, Seo-un, alipokuja kudai, Pyo akamwambia atoe vyombo kwanza. Akavitoa vyote, akabakiza sufuria tu, kama mama alivyomuusia: sufuria ya wali ikiwa ndani, bado sijahama. Pyo alicheka sana. Akafungua 302 kwa ufunguo wake, akaibeba sufuria mpaka kwake ghorofa ya juu, eti fidia ya karatasi za ukutani zilizochakaa. Uroho tu.

Sasa hakucheka. Aliitupa jalalani, akapanda ngazi, akaikuta jikoni inafuka. Kesho yake saa sita mchana, jua likiwaka dirishani, alisikia ndala zikiburuzwa polepole kutoka jikoni hadi sebuleni, na harufu ya magamba ya samaki ikaja mbele ya hizo ndala, ikampita usoni, ikatulia kwenye mto wa kukalia mkabala naye, na mezani palikuwa na bakuli mbili za wali ambazo hakuzipakua yeye, na sauti ya kizee, ya upole kabisa, ikamuuliza kama majirani wanavyoulizana kila siku:

"Mwenye nyumba, umeshakula?"

Akamwita mganga, Bi Cheon, aliyekuja na njuga na upanga wake. Mganga alitia mguu mmoja ndani, akaurudisha.

"Huyu simtoi," alinong'ona.

"Lakini nimeshakulipa."

"Mimi natoa wavamizi. Huyu ni mpangaji. Nani aliingiza hiyo sufuria?"

Pyo akageuka kutazama jikoni. Kila mtu mtaani anajua kwamba siku ya kuhamia, sufuria ya wali ndiyo hutangulia, kabla ya kitanda, kabla ya kijiko. Ikishavuka kizingiti, mwenyewe kashahamia.

"Umemhamishia kwako," mganga akasema, "kwa mikono yako mwenyewe."

Pyo akampigia Seo-un simu, analia. Binti akaja, akasimama mlangoni. Aliombwa aichukue sufuria ya mama yake, tafadhali, leo hii.

"Nitoe vyombo kwanza, mzee?" Seo-un akauliza. "Mara hii hela kwanza."

Pyo akaituma amana palepale kwa simu, yote. Seo-un alipoona imeingia alijifuta machozi, furaha na hasira pamoja. Kisha akaita kwa sauti ndogo kuelekea jikoni.

"Mama, wamelipa. Twende."

Sufuria ikafanya *tak*, kama wali umeiva.

"Nenda, mwanangu," sauti ikajibu. "Ya 302 imekwisha. Hapa ndiyo kwanza nimeingia."

Mganga, aliyebaki kizingitini muda wote, akakusanya njuga zake haraka. Pyo alimshika mkono, akamuuliza ni mpaka lini.

"Si unaijua mikataba yako?" Bi Cheon akasema. "Miaka miwili."

Seo-un akainama kwa heshima, akaufunga mlango taratibu. Nyuma ya Pyo, ndala zikaanza kuburuzwa.

"Mwenye nyumba, umeshakula?"