Bomba Lililopita Mlangoni

Ilibaki jozi moja tu ya gambuti nyeusi, na watu wawili walikuwa wameishika. Yuditha ameshika la kushoto, na kijana mmoja mrefu asiyemjua ameshika la kulia. Ilikuwa siku ya soko Kwa Sadala, saa ambayo mikungu ya ndizi imejaa hadi barabarani, akina mama wanaitana kwa Kichaga juu ya vichwa vya watu, na ukisimama kidogo unakanyagwa. Wawili hawa walisimama.

"Kaka, niachie," Yuditha alisema.

"Dada, mimi ndiye nimetangulia."

"Umetangulia wapi? Nimeanza kubishana bei wewe ukiwa bado unapaki pikipiki. Mangi, si kweli?"

Muuzaji, ambaye alijua atauza kwa yeyote kati yao, akageuka kuutazama mlima.

"Za nani hizi?" kijana aliuliza.

"Za baba yangu."

"Baba ana miguu mikubwa hivi?"

"Baba ana mguu wa mkulima. Wewe una mguu wa nini?"

"Wa fundi bomba." Alicheka, na Yuditha akaona meno mazuri kwenye uso uliopigwa jua. Shati lake la khaki lilikuwa na tope kifuani, lakini kola imenyooshwa pasi. Yeye Yuditha alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, limekaa kiunoni vile anavyojua fundi, na kijana hakujisumbua kuficha kwamba ameliona.

"Chukua," alisema, akamkabidhi la kulia. "Lakini baba akizivaa, unipigie uniambie kama zimemtosha."

"Na zisipomtosha?"

"Upige vilevile."

Zilimtosha Mzee Ndelilio barabara. Yuditha alipiga vilevile.

Jina la kijana ni Primus, mtu wa Kibosho, msimamizi wa mafundi kwa mkandarasi mmoja wa miradi ya maji. Yuditha alikuwa na cherehani mjini Moshi na chumba cha kupanga mtaa wa Soweto. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haikupita muda wateja wakaanza kupewa magauni yenye mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, kwa sababu fundi anashona huku amebana simu begani.

"Umekula?"

"Nitakulaje na wewe hupo?"

"Acha uongo, nasikia unatafuna."

"Natafuna mawazo, mae," Primus alijibu, kwa neno la Kichaga la kumwita mwanamke. "Hivi mimi Mkatoliki na wewe Mlutheri, tutafungia wapi ndoa?"

"Nani amekuambia nimekubali kuolewa?"

"Sijaambiwa. Nimeona tu unavyopokea simu kabla haijalia."

Kisha ikaja habari ya maji. Serikali ilitoa ruzuku ya bomba kwa kijiji cha kina Yuditha huko mlimani. Kijiji hicho sikitaji, wala halmashauri yake, maana mwenye hoteli ninayekwenda kumsema ana mawakili na mimi nina kalamu tu. Bomba lingetoka msituni, lishuke katikati ya vihamba vya watu, mashamba yanayozunguka nyumba zao. Tenda aliipata mkandarasi wa Primus, na Primus mwenyewe alimweleza Yuditha kwa furaha kwamba kila kitongoji kitapata koki.

Wazee walisita. Mtaro ungepita kwenye migomba na kahawa zao, na fidia haikuwepo. Yuditha akapanda kijijini Jumapili, na ibada ilipokwisha akasimama uwanjani pa kanisa.

"Huyu mtu namjua," aliwaambia. "Koki zipo. Kama ni uongo, mnifuate mimi mjini."

Wakamwamini, kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Kijiji kikatoka kwa msaragambo, kila nyumba na jembe lake, wakachimba mtaro bure huku wakiimba. Mzee Ndelilio alikata kwa panga lake mwenyewe mibuni iliyopandwa na baba yake ili bomba lipate njia.

Mtaro ukiwa nusu, kabla haujafika kwa Mzee Ndelilio, mabomba yakafika kwa lori. Primus alikagua akakuta viungio vya koki havimo hata kimoja. Akamfuata bosi wake.

"Mpango umebadilika," bosi alisema. "Vikao vimeshakaa. Mwekezaji wa hoteli pale chini anataka maji yenye nguvu. Koki za kijiji ni awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

Bosi alicheka akampa soda.

Primus alipaswa kwenda kwa Yuditha moja kwa moja. Hakwenda. Alijiambia huenda awamu ya pili ipo kweli. Mwanamume akiogopa kuachwa huamini mambo ambayo hata mtoto angeyakataa, na usiku huo alimpigia simu akamwuliza kama amekula.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na maturubai, muziki na waheshimiwa waliovaa suti. Utepe ulifungwa kwenye lango la hoteli, na wanakijiji walidhani ni kwa sababu ya nafasi ya kuegesha magari. Akina mama walikuja na ndoo mpya. Mzee Ndelilio alivaa koti lake la kanisani. Utepe ulipokatwa, watu wakapiga makofi, na ng'ambo ya uzio mipira ya kumwagilia bustani ikaanza kuzunguka na kurusha maji kwenye majani mabichi ya hoteli. Makofi yalipungua taratibu hadi yakaisha.

"Sasa koki yetu ipo wapi?" mtu aliuliza.

Mama Eliona, jirani wa kina Yuditha, alimgeukia akiwa na ndoo yake nyekundu kichwani. "Yuditha mwanangu, ulisema tukufuate mjini. Umetuokolea nauli, upo hapa hapa."

Yuditha alimkuta Primus nyuma ya turubai.

"Ulijua?"

Primus aliinama.

"Nakuuliza, ulijua lini?"

"Mabomba yalipofika."

"Kahawa za baba zilikuwa bado zimesimama, Primus!"

"Niliambiwa kuna awamu ya pili. Nikaogopa..."

"Sasa nimeelewa. Mlihitaji mtu wa kuwalainisha wazee. Umekula, umelala, mae hivi, mae vile, kumbe mnamtafutia mwekezaji vibarua wa bure."

"Hapana! Haki ya Mungu, siku ile sokoni nilikuwa sijui hata unatoka wapi."

"Ulipojua, ukanitumia."

Hilo halikuwa kweli. Primus alimpenda kabla ya bomba, na alinyamaza kwa woga wa kumpoteza. Lakini mwanamke aliyesimama pale, mbele ya ndoo tupu za kijiji kizima, angelijuaje? Akaondoka bila kugeuka, na wiki iliyofuata Primus akahamishiwa mradi wa Kasulu, mbali kabisa.

Huko Kasulu alipiga simu kila jioni. Yuditha aliiweka simu juu ya cherehani akaitazama ikilia mpaka ikanyamaza, halafu akaichukia kwa kunyamaza. Suruali ya kazi ya Primus, aliyoileta abadilishiwe zipu, ilikuwa bado inaning'inia ukutani. Zipu ilikuwepo, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi tu. Hakuigusa.

"Fundi, hii unauza?" mteja mmoja alimwuliza.

"Siuzi."

"Ya shemeji?"

"Ya mtu," Yuditha alijibu, akapiga cherehani kwa nguvu ili asiulizwe tena.

Alimkumbuka hasa asubuhi. Kukiwa hakuna mawingu, mlima unaonekana wote kutoka Soweto, na Primus alizoea kumpigia aseme tu, "Toka nje uuone." Sasa alitoka mwenyewe akiwa amejifunga kanga, akautazama, akarudi ndani akiwa mnyonge kuliko alivyotoka. Alimpenda bado. Alijichukia kwa hilo, na hakuacha.

Kijijini kiangazi kilikuja na ukali wake. Mfongo, ule mfereji wa mababu unaoleta maji kutoka msituni, haukusafishwa mwaka ule, kwa kuwa watu walingoja bomba. Ukajaa udongo na magugu, na migomba ikaanza kukunja majani.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," Mama Eliona alikuwa akisema. "Yetu hata kumwagika hayajapata."

Jumapili moja baba yake Yuditha alimwita pembeni.

"Jana alikuja mzee mmoja wa Kibosho, Martin, baba mdogo wa yule fundi. Ameleta sale."

Kwa Wachaga, aliyekukosea akikuletea jani la sale kwa mkono wa mzee, humkatalii, hata kama kosa ni kubwa namna gani.

"Umepokea, baba?"

"Nimepokea. Kijana amerudi. Amekwenda kueleza yote kwa wanaochunguza mambo ya ruzuku, na kazi wamemfukuza." Mzee alisafisha koo. "Mimi nimemsamehe kahawa zangu. Mengine sikuulizwa."

Jioni ile simu ilipolia, Yuditha aliipokea.

"Yuditha?" Ilikuwa sauti ya Primus. "Umepokea kweli?"

"Sale umempelekea baba. Mimi umeniletea nini?"

"Nikuletee nini, mae? Sema tu."

"Mimi sikukatiwa kahawa. Nimekatiwa jina. Nikiingia kanisani watu wanajifanya wanatafuta namba ya wimbo. Hilo hulirudishi kwa simu."

"Nije wapi?"

"Jumamosi tuna msaragambo wa kufufua mfongo. Watu wote watakuwepo."

"Nitakuja. Nimekumisi, Yuditha. Hata usiponirudia, ujue hilo."

Yuditha alikata simu haraka ili asijibu vilevile, kisha akakaa nayo kifuani mpaka chai yake ikapoa.

Jumamosi Primus alipanda kwa miguu, jembe begani. Watu walikuwa wamejipanga kando ya mfongo, na walipomwona nyimbo zilikatika.

"Shikamooni," alisema. Waliojibu walikuwa wachache.

"Mnanijua. Koki zenu zilikuwepo kwenye mpango. Zilitolewa ili maji yote yafike hotelini na nguvu. Nilijua wakati bado mnachimba, nikanyamaza. Yuditha hakujua lolote. Alichowaambia ndicho nilichomwambia mimi. Mwongo ni mimi."

"Kwa hiyo maji yatarudi?" mzee mmoja aliuliza.

"Sijui, baba. Wachunguzi wamesema wanafuatilia."

Watu walicheka kicheko kikavu. Kule chini, bustani ya hoteli ilikuwa ikinyweshwa kama kawaida.

Mama Eliona aliegemea jembe lake. "Mara ya kwanza ulikuja na mdhamini. Leo umekuja na nani?"

"Leo nimekuja mwenyewe, mama."

Macho yote yakamgeukia Yuditha, aliyesimama ndani ya mfongo mkavu, gauni amelikunja hadi magotini na kilemba kimelegea. Jina lake lilikuwa limerudi dakika ile ile. Angenyamaza tu, angekwenda nalo nyumbani likiwa safi, na hakuna ambaye angemlaumu. Akamtazama Primus. Alikuwa amekonda, na kola yake safari hii haikupigwa pasi.

"Amekuja na mimi," Yuditha alisema.

Mama Eliona alishangaa. "Wewe! Umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Nilikuwa nangoja akiseme mbele yenu. Huyu ni mwenzangu, mama. Akiharibu tena, mniulize mimi."

Mama Eliona aliwatazama wote wawili kwa zamu, akatikisa kichwa, akatema mate viganjani akarudi kulima, na wengine wakafuata.

Mzee Ndelilio alimwonyesha Primus kwa mkono. "Sehemu ya nyumba yangu inaanzia kwenye lile jiwe mpaka pale kwenye mgomba ulioinama. Sina mtoto wa kiume, miaka yote nachimba mwenyewe. Shuka."

Primus akashuka. Yuditha akasogea kumpa nafasi, wakachimba bega kwa bega, udongo mkavu ukiwarukia usoni.

"Unaparaza juu juu, mbe," Yuditha alisema hatimaye, akimwita kwa Kichaga kama wanavyoitwa wanaume wa pale, bila kumtazama. "Sisi hapa tunachimba mpaka udongo mweusi."

Primus alicheka, machozi yakimlengalenga, akainua jembe juu zaidi.